Njiwa za bongo ku shamba la mahindi: somo kwa mwenye kuanza kuwinda



Kila mwaka, mvua ya mwezi wa 11 ikisha kulowanisha udongo, telefone zetu zinaanza kulia. "Agronome, njiwa zinamaliza mbegu!" Inatoka ku barabara ya Kasenga, inatoka upande wa Kipushi, inatoka Kafubu. Sisi tunajibu maneno yale yale: fukia mbegu vizuri, weka watu wa kufukuza ndege asubuhi. Lakini safari hii kooperative moja ilituuliza jambo lingine. Kati yao kuko kijana mwenye alirithi kalibri 12 ya babu yake. Alitumia mwaka muzima kutafuta karatasi kwa jina lake mwenyewe, na akazipata. Lakini kuwinda, hapana, hakujua. Kartushi zilikuwa zinakwisha na njiwa zinaruka tu. Alisikia kama mu inchi zingine watu wanachonga njiwa za muti, wanazipanga shambani, na njiwa za kweli zinashuka zenyewe karibu na muwindaji. Alituuliza kama ni kweli.

Ni kweli. Uingereza wakulima wanafanya hivyo juu ya mashamba ya njegere na ya kolza, tena kwa miaka mingi. Lakini tuseme wazi: ku fakilte ya agronomia hakuna mwenye alitufundisha kupiga njiwa. Mumoja wetu tu ndiye alikuwa anafuata wajomba zake ku kuwinda akiwa mutoto. Wengine tulijifunza pamoja na huyu kijana, asubuhi nane mu shamba moja. Yale tuliona, mazuri na mabaya, njo haya. Ndege zake za muti tuliziita njiwa za bongo, na jina likabaki.

Mbele ya yote: ni nani anakula?

Asubuhi ya kwanza tulimuomba aache bunduki ku nyumba. Alikasirika kidogo. Tulitembea mistari ya mahindi tukiinama.

Njiwa haichimbe. Haina tabia ya kuku ya kukwaruza udongo na miguu. Inaokota kwa mudomo ile mbegu yenye iko juu, ao yenye udongo kidogo tu umeifunika. Kwa hiyo, ukikuta tundu lenye kuchimbwa pa kila shimo la mbegu, usipige njiwa, tafuta kwale ao panya. Ukikuta muhindi wenye ulikwisha kuota, umengolewa, umelala pembeni na mbegu yake imekuliwa, mara mingi ni kunguru. Na ukikuta mahindi makubwa yenye kukatwa chini karibu na udongo, hapo waza simbiliki. Kila mwizi anaacha alama yake.

Kupima hasara haiombe mashine. Ukipanda kila sentimita 25, mustari wa mita 10 unapaswa kukupa mimea 40. Pima mita 10 na kamba, hesabu, andika. Fanya hivyo katikati ya shamba na ku kando zake ine. Mu shamba la kijana, katikati kulikuwa karibu kamili. Hasara yote ilikuwa ku kando moja, pale watoto walipanda siku ya mwisho kwa haraka, jua likiwa linazama. Mbegu zilionekana juu ya udongo, za rangi ya dawa. Tulimuambia mbele ya papa yake: hata ukipiga njiwa mia, kando hii haitaota kama haufukie mbegu sentimita 4 mpaka 5. Walirudilia kupanda siku hiyo hiyo. Njo kazi ya kwanza ya kulinda shamba, na haiombe kartushi.

Ujue njiwa yenye uko unaona

Huku kwetu kuko njiwa nyingi, na si zote zinakuibia. Wenye kusema Kibemba wanaziita nkunda, zote pamoja. Lakini muwindaji anapaswa kuzitenganisha.

Yenye inashuka mingi mu mashamba ni njiwa ya rangi ya majivu yenye alama nyeusi nyuma ya shingo, kama nusu ya kola. Kuko ndugu yake mukubwa zaidi, kifua kinaelekea rangi ya divai na ngozi nyekundu inazunguka macho. Hizo mbili njo tunazungumuzia hapa. Kuko kadogo kenye madoa shingoni mbele, kasikokuwa na kola nyuma, kenye kunatembea mpaka mu viwanja vya Lubumbashi kati ya nyumba. Kale tukaache, juu unapokaona karibu, nyumba za watu nazo ziko karibu. Ninga, ile ya rangi ya majani mabichi, inakula matunda ya mitini na miti mingine ya pori. Mahindi yako haiyajue. Usiipige.

Halafu kuko njiwa za watu. Hii tunaisema kwa nguvu sababu tuliona ugomvi. Mu kijiji kila mutu wa tatu ana nyumba ya njiwa juu ya nguzo. Njiwa yenye mabaka meupe, ao nyeupe yote, ao nyekundu na nyeupe, iko na mwenyewe. Ukiipiga utalipa, na utalipa pia heshima yako kwa jirani. Kijana alizunguka nyumba zote zenye kuwa na njiwa karibu na shamba, akasema siku na saa, akaomba wazifunge mpaka saa tatu ya asubuhi. Walikubali wote isipokuwa muzee mumoja, na kwa sababu ya huyo muzee tulibadilisha upande wa kupigia. Ilikuwa bora hivyo.

Asubuhi mbili za kuangalia

Mwenye kuanza anafikiri ufundi uko mu mukono. Hapana, uko mu macho, na bunduki ikiwa ku nyumba. Njiwa inafuata njia yake ya hewani kama mutu anafuata barabara. Inatoka pa kulala, inapita juu ya mustari wa miti ao mutoni, inasimama kwanza ku muti mukavu kuangalia, halafu inashuka kukula. Kisha kukula inatafuta maji, maana njiwa inakula mbegu kavu na haiwezi kukaa mbali na maji. Asubuhi moja haitoshi kuona njia hiyo. Tuliangalia mbili, kuanzia mapambazuko mpaka jua lipande, tukikaa chini ya kichuguu na kuandika mu kaye: zinatoka wapi, ngapi kwa kundi, zinashuka pa namna gani kama upepo umegeuka.

Hapo tuliona kitu. Kijana, siku zake zote za mbele, alikuwa anajificha ku kando ya chini ya shamba, sababu kuko kivuli. Njiwa zilikuwa zinaingia kutoka juu, karibu mita 150 kutoka kwake. Alikuwa anawinda kivuli.

Kuchonga na kupanga

Tulichonga kumi. Muti mwepesi ni muzuri, lakini hata kipande cha kandambili nzee mbili zilizobandikwa kinaweza kuchongwa na kisu. Urefu ni kama mukono kutoka kiganja mpaka ncha ya kidole, kidogo kupita pale, mukia ndani. Rangi: majivu yenye kuchanganywa na gundi kidogo, na masizi kwa ile nusu ya kola. Rangi ya mafuta yenye kungaa ilitupotezea asubuhi nzima. Jua lilipopiga, njiwa zilikuya, zikaona kitu kinawaka chini, zikapanda juu tena. Tulizisugua na udongo mpaka zikawa butu. Kila moja tuliisimamisha ku kijiti, sentimita chache juu ya udongo, kichwa cha zingine chini kama zinaokota, cha zingine juu kidogo. Zote zikisimamisha vichwa, njiwa ya kweli inaelewa kama kuko hatari.

Kupanga njo pale wengi wanaanguka. Njiwa inashuka ikiangalia upepo, kama ndege kubwa ya pale Luano. Kwa hiyo, rusha vumbi kidogo, ona upepo unaenda wapi. Panga njiwa za bongo kama umbo la U, kila moja hatua mbili kutoka kwa mwenzake, na mudomo wa U ufunguke upande wenye upepo unaelekea. Katikati acha pa wazi. Pale pa wazi njo mahali njiwa ya kweli itataka kukaa. Zote zisiangalie upande mumoja sawasawa kama wanafunzi ku mustari wa bendera, zigeuze kidogo huku na huku. Ile ya mwisho, ya mbali zaidi, iwe hatua 25 kutoka kwa kificho chako. Hiyo njo mupaka wako: ndege yenye iko mbele ya hiyo ya mwisho unaweza kuifikiria, yenye iko nyuma yake haiko yako.

Kificho ni majani na matawi yenye ulikata karibu pale pale, yenye rangi ya pale pale. Usitumie mufuko mweupe wa mbolea. Kiwe na kitu nyuma, ili kichwa chako kisionekane juu ya anga. Tuko na bahati hapa Katanga, tuko na vichuguu vikubwa kuliko nyumba, na kichuguu kinakupa mugongo. Kofia ishuke ku macho, maana uso wa mutu unaonekana kutoka mbali kuliko anavyofikiri. Telefone izimwe. Na kukaa, kukaa kabisa.

Mutu mumoja alituletea njiwa muzima, amefungwa kamba ku muguu, akisema njo itavuta wenzake vizuri zaidi. Tulimurudishia. Ndege yenye kuogopa inapigapiga mabawa kwa hofu, na wenzake wanasoma hofu hiyo mbele yako. Tena ni mateso bure.

Kupiga

Kartushi ni namba 6 ao 7, risasi ndogo ndogo. Wengi kwetu wananunua shevrotini, zile risasi kubwa za nyama ya pori. Mu kazi hii, shevrotini hapana, hata moja ndani ya mufuko. Inaenda mbali sana na inaua mutu.

Bunduki inabaki imefunguliwa, bila kartushi, mpaka umekaa mu kificho. Ukisimama kwenda kuokota, unaifungua tena na unatoa kartushi. Kidole kinabaki nje mpaka bunduki imefika ku bega na umeona vizuri kitu unapiga na kile kiko nyuma yake.

Subiri. Njiwa inazunguka mara moja, inaangalia, na mwenye kuanza anapiga pale, mapema, mbali. Iache. Inapofungua mabawa kusimama hewani na miguu inashuka, njo saa. Simama polepole, angalia ndege na si mudomo wa bunduki, endesha mukono pamoja nayo, na usisimamishe mukono wakati unapiga. Ikikaa chini, usipige. Risasi ikipiga udongo mugumu ao jiwe, inaruka upande wenye haukuchagua.

Sasa tuseme lile jambo. Asubuhi ya tatu, njiwa ilishuka vizuri, kijana akasimama akapiga akakosa. Ndege ikakimbia chini chini, kidogo juu ya mahindi, kuelekea upande wa mutoni. Aliifuata na bunduki akapiga mara ya pili. Tulisikia risasi zinaanguka mu majani kama mvua, halafu tukasikia mama mumoja analalamika. Wamama watatu walikuwa wanarudi kuchota maji kwa njia yenye hatukuiona mu asubuhi zetu mbili, sababu siku hizo mbili ilikuwa siku ya soko na ya misa. Hakuna mwenye aliumia. Bidoni moja iliangushwa kwa mushtuko. Kijana alikaa chini mikono ikimutetemeka, na siku hiyo hatukupiga tena.

Kosa lilikuwa letu kama lake. Risasi namba 6 inapita mita 200 kabla ya kuanguka, na shamba la kwetu halina ukuta. Watu wanapita popote: wamama na maji, watoto na mbuzi, mutengeneza makala na kinga yake. Tangu siku ile tulifanya hivi. Tulipanda vijiti viwili virefu mbele ya kificho, kimoja kushoto, kimoja kuume. Mudomo wa bunduki haupite kijiti, hata njiwa iwe nzuri namna gani. Kati ya vijiti, nyuma ya njiwa za bongo, tulichagua upande wenye kichuguu kikubwa na pori tupu mita 300. Ndege yenye kuruka chini ya kichwa cha mutu haipigwe. Na mutu wa pili anasimama juu ya kichuguu, bila bunduki, kazi yake ni kuangalia njia tu. Akipiga filimbi, bunduki inafunguliwa. Kijana ndiye alikwenda kuomba musamaha kwa wale wamama, na mumoja wao ndiye alitupa saa zote za kuchota maji.

Karatasi

Hatutakaa sana hapa, lakini lazima. Uwindaji unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28/5/1982, na silaha na ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3/9/1985. Maana yake kwako: karatasi ya bunduki iko kwa jina la mutu mumoja, haiwezi kuazimwa kama jembe. Na karatasi ya bunduki haiko ruhusa ya kuwinda. Ni karatasi mbili. Pita ku biro ya Environnement ya teritware, uulize pia kama wakati huo uwindaji umefungwa. Halafu julisha chefu wa kijiji na posti ya polisi siku na saa. Mulio wa bunduki alfajiri unakimbiza watu, na katika inchi yetu hawako na makosa kukimbia.

Sumu

Kuko wenye wametuuliza: juu ya nini kuteseka hivi, wakati mutu anaweza kuchanganya mahindi na dawa ya wadudu na kusambaza? Tuwaambie yale yalitokea Bunyala, mashamba ya mupunga ya magharibi ya Kenya. Kule watu walitumia Furadan, dawa yenye karbofurani ndani, pamoja na ndege za kuvutia wenzake, ndege hai. Ndege zilikufa mingi, njiwa zikiwa ndani, na nyama ile iliuzwa, watu wakakula. Mutafiti Martin Odino alifuata jambo hilo na kuliandika. Karbofurani inagusa mishipa ya fahamu, ya ndege na ya mutu sawasawa, na kupika nyama hakukupe hakika yoyote. Mu 2009 kampuni yenye kuitengeneza iliitoa ku soko ya Kenya, baada ya kelele juu ya simba zenye kuuawa na sumu hiyo. Ukikuta njiwa mingi zimekufa mahali pamoja bila damu, usiokote, usipe mbwa, ita moniteri wako.

Bunduki inasaidia nini, basi?

Kidogo kuliko vile kijana alitumaini. Uingereza, R. K. Murton na wenzake waliandika mu 1974 kama kupiga njiwa kwa wakati wa baridi hakukupunguza hesabu yao: zenye zilipigwa zilichukua tu nafasi ya zile zingekufa kwa njaa. Na Argentina, upande wa Córdoba, wageni wanatoka duniani kote kupiga njiwa, na njiwa bado zimejaa kule. Hautamaliza njiwa za Haut-Katanga na kartushi. Unaweza tu kuzifanya ziogope shamba moja kwa siku kumi ao zaidi kidogo, kuanzia kupanda mpaka muhindi uwe na majani mawili ao matatu. Kwa hiyo hesabu mbele: kartushi ngapi, bei gani, na mbegu ya kurudilia ile kando ni bei gani. Kwa shamba dogo, watoto wawili na bati la kupiga wanashinda bunduki.

Njiwa yenye ulipata, usiiache imelala mugongo kati ya njiwa za bongo, tumbo nyeupe juu. Inafukuza zingine. Ukipika, toa risasi zote na ukate nyama yenye kuzunguka tundu. Sisi watu wa Lubumbashi tunajua madini, na risasi ni mojawapo yenye haitakiwi mu tumbo la mutoto. Kwa bukari ni nyama nzuri sana, kusema kweli.

Na mbele ya kupika, fungua kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Kila siku tulifungua, tukamwanga mbegu juu ya sahani nyeupe. Siku za mwanzo tulikuta mahindi, mengine na rangi ya dawa bado, na hizo tulizitupa nyama yote mu shimo, juu mbegu yenye dawa haiko chakula cha mutu. Mara moja kando ikafukiwa, mahindi yakapungua ku sahani. Asubuhi ya nane, muhindi ukiwa na majani matatu, kijana alipata njiwa ine. Ku sahani hakukuwa hindi hata moja. Kulikuwa mbegu ndogo ndogo za majani mabaya, mamia, zile zile tunalipa watu kuja kupalilia mu mwezi wa 12.

Papa yake aliangalia sahani kwa muda. "Kumbe leo tumepiga wapaliaji wetu," akasema.

Kijana alikusanya njiwa zake za bongo, akazihesabu kumi, akazifunga mu mufuko na kuupandisha juu ya gala mpaka mvua ya mwaka kesho.